Nyuzi Tumboni mwa Perege

Kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki na kabla ya kuulizwa kama amepiga mswaki, Mhandisi alishuka shambani na kopo la pumba mkononi. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na nyumbani alikuwa na kazi moja isiyokubali visingizio: kutunza samaki. Mama alishughulikia mpunga. Mjomba, mdogo wake Mama, alishughulikia maji na kelele. Perege wote walikuwa mikononi mwa Mhandisi.

Huenda wewe unayesoma hujawahi kuona shamba la namna hii, basi tulia nikueleze. Jaruba ni kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta la udongo ili kishike maji ya mpunga. Katika majaruba ya akina Mhandisi, maji yale yale yaliyonywesha mpunga yalifuga samaki pia. Ubavuni mwa kila jaruba palichimbwa handaki lenye kina cha kumfika mtoto kiunoni. Perege walitoka handakini, wakapenya katikati ya mashina ya mpunga wakila wadudu na magugu machanga, na kinyesi chao kikawa mbolea. Jua likiwaka sana au maji yakipunguzwa, walikimbilia tena handakini. Mpunga na samaki walisaidiana vizuri kuliko ndugu wengi ninaowafahamu.

Jina la Mhandisi alilipata msimu uliotangulia. Kabla ya hapo, kila mlango wa maji uliwekwa wavu wa matete uliosukwa kwa mkono, ili maji yapite na samaki wasitoroke. Kusuka wavu mmoja kulikula siku nzima. Matuta nayo yalimeguka kila mvua iliponyesha, na ilibidi yakandikwe upya kwa udongo wa mfinyanzi. Siku moja Mhandisi alichoka. Alichukua magunia ya plastiki, yale ya mbolea, akayajaza udongo na kuyapanga palipomeguka. Gunia jingine alilitoboa kwa msumari, matundu chungu nzima, akalifunga kwenye mlango wa maji. Kazi ya siku tatu ikaisha kabla ya chakula cha mchana.

Mjomba alipofika aliweka mikono kiunoni, akapiga mluzi. "Dada! Njoo uone! Kumbe tunaishi na mhandisi humu ndani na hatuna habari!"

Magunia yenyewe yalitoka kwa Mama Magunia, mwanamke aliyeishi upande wa juu wa mfereji. Yeye alikusanya magunia yaliyokwisha kutumika, akayafua mferejini, akayashona palipochanika na kuyauza tena. Aliyompa Mhandisi yalikuwa ya lundo la kutupwa. "Haya yameshapigwa jua, mwanangu," alimwambia. "Hayana nguvu tena." Mhandisi alijibu, "Kwa udongo yatafaa, Mama," akayabeba kichwani akaondoka zake.

Haukupita mwezi, bonde zima likaiga. Kila tuta likavaa magunia, na kila mlango wa maji ukafungwa gunia lenye matundu. Kila alipopita Mhandisi watu walimpungia mkono, naye, tuseme ukweli, kichwa kilimvimba kidogo.

Sasa turudi kwenye msimu wetu. Miezi mitatu baada ya vifaranga kutiwa majarubani, Mjomba alitupa wavu handakini ili waone samaki wamefikia wapi. Alitoa perege wanane, akawaweka kwenye karai, akanyamaza. Mjomba kunyamaza si jambo la kawaida.

"Mbona wako hivi?" Mhandisi aliuliza.

Perege walikuwa na vichwa vikubwa na miili myembamba. Ungedhani mtu amechukua vichwa vya samaki wakubwa akavipachika kwenye miili ya watoto wao.

"Unawapa pumba kweli, au unawapa salamu tu?" Mjomba alisema.

"Kila siku, Mjomba! Asubuhi na jioni!"

Mama aliwachukua samaki akaenda kuwaparua kwenye jiwe la kuoshea vyombo. Alimpasua wa kwanza, akatoa utumbo, akasita. Akampasua wa pili. Kisha akaita kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo kila mtoto anaijua na haipendi.

"Njooni hapa."

Alikuwa ameusuuza utumbo juu ya sahani. Ndani yake mlitoka kitu kama uzi uliojisokota. Mama alipoutawanya kwa ncha ya kisu, zilionekana nyuzi fupifupi, nyingine nyeupe na nyingine za buluu, fupi kama kope za macho. Kati ya nyuzi hizo kulikuwa na chembe ndogo zaidi, ambazo ziliweza kuonekana tu pale maji yalipozisukuma ukingoni mwa sahani.

"Labda wana fundi cherehani huko chini," Mjomba alijaribu kutania.

"Hii ni plastiki," Mama alisema. "Samaki wamekula plastiki wakashiba."

Kufika jioni, habari zilikuwa zimeenea. Majirani nao waliwapasua samaki wao, wakakuta yale yale. Mwenyekiti wa mfereji, mtu mrefu mwenye baiskeli isiyo na kengele, alipita tuta hadi tuta. Kwa kuwa baiskeli haikuwa na kengele, kengele aliipiga mwenyewe kwa mdomo: "Kriiing! Kriiing!" Lakini siku hiyo uso wake haukuwa na mzaha.

"Hakuna haja ya kuumiza kichwa," aliwaambia akina Mhandisi. "Nani anafua plastiki mferejini kila siku ya Mungu? Jumamosi saa nne tuna kikao kwenye mlango mkuu wa maji. Yule mama anaondoka, na kibanda chake kinabomolewa. Mnakubali?"

"Ni yeye tu," Mhandisi alidakia kabla hajaulizwa. "Hakuna mwingine."

Mama alimtazama. "Wewe umemwona?"

"Kila mtu anasema, Mama."

Asubuhi iliyofuata, darasani, Mhandisi alikuta dawati lake limejaa upande mmoja tu, kama kawaida. Upande huo alikaa Kalamu, binti wa Mama Magunia, aliyeitwa hivyo kwa sababu kalamu haikumtoka sikioni hata wakati wa kucheza kamba. Walikuwa wameketi pamoja tangu darasa la tatu. Siku hiyo Kalamu hakumsalimu. Nyuma yao wavulana wawili waliziba pua na kunong'ona, "Magunia, magunia."

"Mnatufukuza," Kalamu alisema bila kugeuka. "Mama amesema tukitolewa pale tunahamia kwa shangazi. Kule shule iko mbali, na shangazi ana watoto wadogo wa kulelewa. Mimi basi, shule ndiyo imekwisha."

Mhandisi alikumbuka maneno yake mwenyewe: ni yeye tu, hakuna mwingine.

Alipotoka shule hakupita njia ya kawaida. Alizunguka kando ya mfereji, na njia hiyo ilimpitisha kwenye jaruba la Kesho. Kesho aliitwa hivyo kwa sababu ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. Kupalilia, kesho. Kuziba paa linalovuja, kesho. Mhandisi alimkuta amelala chali juu ya tuta, kofia usoni, mguu mmoja juu ya mwingine.

Majini, samaki alirusha mkia. Kisha mwingine. Mhandisi akainama kutazama. Perege walikuwa wanene, migongo imejaa, wanajigeuza kwa raha zao.

"Shikamoo, Mzee Kesho."

"Marahaba, Mhandisi. Umekuja kunicheka?" alijibu chini ya kofia.

"Samaki wako unawalisha nini?"

"Mimi? Hata mimi mwenyewe kula nasahau. Wanajitafutia."

Mhandisi alitazama mfereji. Kibanda cha Mama Magunia kilionekana pale pale juu, hatua mia mbili hivi. Maji yaliyotoka kwake yaliingia kwa Kesho kwanza, ndipo yakaendelea kwa wengine wote. Kama uchafu ulitoka kwa Mama Magunia, samaki wa Kesho ndio wangekuwa wa kwanza kudhoofika.

"Mlango wako wa maji, mbona bado una wavu wa matete?" aliuliza polepole.

"Ah, usinianze na wewe!" Kesho aliondoa kofia usoni. "Mke wangu kila siku, weka magunia kama wenzako, weka magunia kama wenzako. Nimemwambia nitaweka kesho."

Mhandisi hakuaga. Alikimbia mpaka kwenye mlango wa maji wa kwao, akatumbukia matopeni na viatu vya shule, akalishika lile gunia lake la matundu. Lilikatikia mkononi kama ganda kavu la kitunguu. Alipofungua kiganja, kilikuwa kimejaa nyuzi, nyeupe na za buluu. Akalishika gunia la kwenye tuta. Nalo likamomonyoka, na nyuzi zikaanguka majini mbele ya macho yake. Perege wawili walizikimbilia, wakameza.

Alikaa chini palepale. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kazi aliyosifiwa nayo bonde zima ndiyo iliyokuwa ikiwaua samaki kwa njaa. Na wazo jingine lilimjia haraka, nalo halikuwa zuri: hakuna anayejua. Angeweza kuyatoa magunia yake taratibu na kufunga mdomo. Lakini matuta ya bonde zima yangeendelea kumomonyoka, na Jumamosi Kalamu angefunga virago. Mhandisi akafuta mikono kwenye sketi, akainuka. Kwanza alitaka kuwa na hakika.

Siku iliyofuata alimfuata mwalimu wa sayansi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika uwanja mzima. Alimsimulia yote. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza akazungumza kwa sauti ndogo.

"Plastiki haiozi kama jani," alisema. "Jua linaikausha, inakatika. Kipande kinazaa vipande, na vipande vinazidi kuwa vidogo, mpaka jicho haliwezi tena kuviona. Lakini bado ni plastiki. Samaki anadhani ni chakula. Tumbo linajaa, mwili haupati kitu."

"Na sisi tunaokula samaki, mwalimu?"

"Wataalamu bado wanachunguza. Sitakudanganya kwamba najua kila kitu. Mama yako anafanya vizuri kutoa utumbo wote na kuosha sana. Ila sioni sababu ya kuikaribisha plastiki sahani moja na wali." Alifungua kabati, akatoa kioo cha kukuzia na vitambaa vitatu vyeupe. "Unashuku magunia yako. Wenzako wanamshuku mtu. Wote mnashuku tu. Nenda kapime."

Jioni hiyo Mhandisi alimwita Kalamu. Kalamu alikuja akiwa amenuna, lakini alikuja, na daftari alikuja nalo. Walikubaliana hivi: ndoo ishirini za maji zichujwe kwa kitambaa cha kwanza kwenye mfereji, chini kidogo ya kibanda cha Mama Magunia. Ndoo ishirini nyingine zichujwe pale maji yanapotoka kwenye jaruba la Kesho. Ishirini za mwisho, pale yanapotoka kwenye jaruba la akina Mhandisi.

Kabla ya ndoo ya kwanza Kalamu alishika kitambaa, akasita. "Na kama zikitoka nyingi hapa kwa mama yangu?"

"Tutaandika."

"Na kama zikitoka nyingi kwako?"

Mhandisi alishika ndoo. "Tutaandika pia."

Ndoo ishirini si mchezo. Mabega yaliwauma, maji yakawalowesha mpaka magotini, na mbu waliwafaidi. Kisha walitandaza vitambaa juu ya bati na kuhesabu nyuzi kwa kioo, mmoja akitaja, mwingine akiandika. Mfereji chini ya kibanda: nyuzi sita. Jaruba la Kesho: tano. Jaruba la akina Mhandisi: themanini na tatu. Hawakuamini. Ijumaa walirudia tena ndoo zote sitini, tangu mwanzo. Sita, saba, sabini na tisa.

"Ni magunia yako," Kalamu alisema. Hakusema kwa ukali.

"Ni magunia yangu."

"Utasema?"

Mhandisi alitazama kitambaa cha tatu, kilichoota manyoya ya buluu. "Nitasema," alijibu, akakikunja kitambaa.

Wakati wa chakula cha jioni aliwaeleza Mama na Mjomba. Mjomba aliacha kutafuna.

"Sikilizeni," alisema, "kuna haja gani ya kwenda kujianika mbele ya watu? Tuyatoe yetu kimyakimya. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," Mama alisema. "Huyu mtoto atajua. Na mwenzake aliyehesabu naye, huyo naye tumfanyeje, tumfumbe macho?" Akamgeukia Mhandisi. "Kikaoni utasema wewe, au niseme mimi?"

"Nitasema mimi, Mama."

Mjomba alikuna kichwa. "Basi nitabeba ndoo," alisema. "Mkipigwa, angalau tuwe na kitu cha kujikingia."

Jumamosi saa nne, watu kama arobaini walikusanyika kwenye mlango mkuu wa maji. Mama Magunia alisimama peke yake upande mmoja, mikono ameikunja kifuani, kidevu juu. Kalamu alimshika kanga. Mwenyekiti alikohoa, akasema kuwa jambo lenyewe linajulikana na halihitaji maneno mengi.

"Naomba kusema," Mhandisi alisema.

"Mtoto, haya ni mambo ya watu wazima."

"Haya mambo nimeyaanzisha mimi, Mwenyekiti."

Mhandisi alipiga moyo konde, akakunjua vitambaa vitatu kimoja baada ya kingine. Alieleza kuhusu ndoo ishirini, kuhusu Kesho na wavu wake wa matete, kuhusu gunia lililokatikia mkononi mwake. "Mama Magunia aliniambia yamepigwa jua na hayana nguvu. Sikumsikiliza kwa sababu nilitaka kumaliza haraka. Ninyi mliniiga mimi. Na juzi nilisema ni yeye, na sikuwa nimeona kitu. Mama Magunia, nisamehe."

Mikono ya Mama Magunia ilimlegea kifuani.

"Maneno ya kitoto," mtu mmoja alipaza sauti. "Wanakaa dawati moja, anamtetea mwenzake!"

"Basi tupime kwako," Mama akajibu papo hapo.

"Tupime kwangu," Mwenyekiti alisema. Hakuna aliyetarajia hilo. Tuta lake lilikuwa na magunia mengi kuliko yote bondeni, naye alijivunia sana. Waliondoka wote kwa miguu mpaka kwenye jaruba lake, Mjomba mbele na ndoo zake. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyemwaga maji kwenye kitambaa, akihesabu kwa sauti ili mtu asije akasema ameibiwa ndoo. Ilipofika ya kumi na mbili, aliweka ndoo chini. Hapakuhitajika kioo cha kukuzia. Kitambaa kilikuwa kimegeuka buluu.

Kesho alianza kucheka. "Kumbe mimi ndiye mkulima bora bonde zima!"

"Nyamaza wewe!" mke wake alimkatiza. "Umefanya nini? Hukufanya lolote!"

Watu wakacheka mpaka machozi yakawatoka, na kicheko hicho kikawalegeza roho. Mama Magunia akasogea mbele, akachukua kitambaa cha kwanza.

"Hizi sita ni zangu," alisema. "Sizikatai. Kuanzia leo nafulia juu kwenye kichanja, na maji nitayachuja kwanza, kisha niyamwage kwenye shimo, yasirudi mferejini. Lakini hizo themanini kila mtu atafute zake."

Mwenyekiti alikuwa mwekundu wa macho. Kuomba radhi kulimtoka kwa shida kama jino bovu, lakini kulitoka, tena mbele ya wote.

Kusema ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Kuyaondoa magunia kulichukua siku kumi na mbili. Maji yalipunguzwa jaruba kwa jaruba ili samaki wakimbilie handakini, na siku ya kwanza watu waliyavamia magunia kwa mikono miwili wakavuta. Yakapasuka. Nyuzi zikatapakaa kila mahali.

"Acheni! Acheni!" Mama Magunia alikuja mbio, ameshika nguo yake isiburute. "Gunia la namna hiyo halivutwi kavu! Lilowesheni kwanza. Kisha kateni udongo chini yake kwa jembe, mlinyanyue zima, mliweke juu ya bati. Mnalibeba kama mtoto mchanga, mmenielewa?"

Walimwelewa. Mwanamke aliyekuwa afukuzwe Jumamosi, Jumatatu alikuwa akiwapigia kelele bonde zima, na kila mtu alimtii. Wengine walitaka kuyachoma magunia yaliyotolewa, lakini mwalimu wa sayansi alikataa katakata, kwa sababu ya moshi wake. Yalipakiwa kwenye mkokoteni, yakapelekwa mjini kwa watu wanaokusanya plastiki ya kuyeyushwa.

Mhandisi alipewa milango ya maji. Kila siku baada ya shule alikaa na lundo la matete akisuka nyavu, Mama akimwelekeza. Wavu wake wa kwanza ulikuwa na tundu ambalo paka angepita bila kuinama. Mama aliufumua wote, akamwambia aanze tena. Wa pili ulipinda. Matete yalimkata vidole, akavifunga kitambaa, akaendelea. Hakuna aliyemlazimisha kusuka kwa ajili ya wengine, lakini alipomaliza tatu za kwao alisuka wa Mwenyekiti, kisha wa jirani wa pili, kisha wa yule aliyeyaita maneno yake ya kitoto. Kesho naye alisuka mbili, amelala chali, na nakuambia zilikuwa nzuri kuliko zote.

Kila mwisho wa mwezi Mhandisi na Kalamu walirudia ndoo ishirini. Kutoka themanini na tatu, nyuzi zilishuka zikawa arobaini na moja, kisha kumi na tisa, kisha kumi na moja. Hazikufika sifuri. Mwalimu aliwaambia kuwa nyingine zimezama kwenye tope na zitaendelea kutoka kidogo kidogo kwa miaka, kwa hiyo wasiache kupima. Kalamu akapiga mistari ya vipimo vya miaka miwili mbele kwenye daftari lake.

Siku ya mavuno, mpunga ulipokwisha kukatwa na maji kutolewa, perege walikusanywa handakini kwa vikapu. Hawakuwa wanene kama wa Kesho. Lakini miili yao ilikuwa imevifikia vichwa vyao, na Mama alipowapasua watano, matumbo manne yalikuwa safi kwa macho. La tano lilikuwa na uzi mmoja. Mama alimwonyesha kila mtu uzi ule.

Walikula pamoja kando ya jaruba, akina Mhandisi, Mwenyekiti na Mama Magunia na binti yake. Mjomba alimwambia Mhandisi kuwa msimu ujao asivumbue kitu bila kutoa taarifa wiki mbili kabla. Mhandisi alicheka, kisha akainamisha kichwa.

"Bado naona aibu," alisema.

Mama Magunia aliweka kipande chake cha samaki chini, akanawa vidole.

"Nikuambie kitu, na wewe Kalamu usikie," alisema. "Kukosea ulikosea. Ulitaka njia ya mkato, na njia ya mkato ikatugharimu wote. Lakini ungenyamaza, mimi ningefukuzwa, watu wangerudi nyumbani wakidhani wamemaliza, na samaki wangeendelea kumeza nyuzi zile zile. Ulipima kabla ya kusema. Na ulipoona kosa ni lako, ulilisema kabla mtu mwingine hajalibeba. Kisha ukashika kazi mpaka vidole vikatoka damu. Aibu itapita, mwanangu. Hayo mengine yashike."

Mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali, akasema yeye ni mtu mzima na alichelewa kujifunza hilo.

Muhula mpya ulipofunguliwa, mwalimu aliita majina ya wanafunzi mmoja mmoja. Alipofika la Kalamu aliinua macho kutazama dawati lile la mbele. Kalamu alikuwa amekaa palepale, kando ya Mhandisi, na akaitika kwa sauti iliyofika mpaka nje ya dirisha.